Mayai Kumi kwenye Meza ya Pasi

Kuku wa dada yangu waliisha kwa siku sita. Walikuwa ishirini na watatu. Wa kwanza nilimkuta asubuhi amepinda shingo kama anayetafuta kitu mgongoni kwake, na wa mwisho kufa alikuwa jogoo. Waliokufa katikati sikuwahesabu, nilikuwa nachimba tu. Natoka kazini nimesimama saa kumi nzima, nikifika nyumbani nashika jembe. Dada aliwaleta wawili wawili, amewashika miguu, akinikabidhi kama vyombo vya kuosha. Hakulia. Alisema tu, "Chimba zaidi, mbwa wasifukue."

Kuna jambo inabidi niliseme mapema. Mwezi mmoja kabla ya hapo dada alinituma chanjo ya kideri, ugonjwa uleule uliokuja kuwamaliza. Duka la dawa za mifugo liko njiani kwangu kabisa, hata kona sikati. Nilipita mbele yake siku tatu mfululizo na miguu inawaka moto. Ya kwanza nikasema kesho. Ya pili nikasema kesho. Ya tatu nikamwambia dada kwamba chanjo imeisha dukani. Hakuniuliza tena, na mimi sikupita tena.

Alibaki kuku mmoja, jike jekundu la kishingo, lile lisilo na manyoya shingoni. Kuku huyu ana sura ya mtu aliyetolewa bafuni kabla hajamaliza kuoga. Kwa nini ugonjwa ulimruka, sijui. Dada alisema ni kwa sababu ana roho mbaya.

Tunaishi wawili kwenye nyumba waliyotuachia wazazi: vyumba viwili, jiko la nje, na banda la kuku nyuma ya jiko. Dada alirudi hapa mumewe alipofariki. Alirudi na masanduku mawili na kuku watano kwenye tenga, wa ukoo aliouanza alipoolewa, na wale waliokufa wote walikuwa uzao wa watano wale. Watoto hakujaliwa. Nikimwambia tutanunua kuku wengine, ananiangalia kama nimesema tutanunua mama mwingine.

"Kununua najua," alisema. "Hawa si wa kununua."

Siku mbili baada ya kumzika jogoo, dada aliingia bandani na ndoo ya maji ya dawa kuosha sakafu, akateleza. Mguu ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Hospitali wakamfunga plasta mpaka chini ya goti, wakamwambia asiukanyage wiki sita. Nikamlaza kwenye kitanda chake, kando ya dirisha. Dirisha lile linatazama uani, lakini banda halionekani, jiko limeziba. Anasikia kila kitu na haoni kitu. Kwangu mimi hiyo ilikuwa adhabu ya aina yake.

"Kishingo ametaga?" anapiga kelele nikiwa bado nafunga geti.

"Ametaga."

"La ngapi?"

"Sita."

"Lete nilione."

Kila yai alilipokea kwa mikono miwili, akaliandika namba kwa penseli, akaliweka kwenye kikapu chini ya kitanda. Jogoo alipokufa, kishingo alikuwa amekwisha kutaga manne. Nilipouliza haya mengine ya nini wakati jogoo hayupo, dada alinicheka.

"Mzee mzima hujui? Mbegu ya jogoo inakaa ndani ya kuku. Wiki, wiki mbili, wengine wanakwenda zaidi. Haya ndiyo ya mwisho. Yakiisha haya, yule jogoo ameisha."

Basi hapo nikaelewa kilicho ndani ya kikapu. Kuku wa dada wote, wa tangu alipokuwa bibi harusi, walikuwa wamebaki mle.

Yalifika kumi na mawili, kishingo akaanza kulala kiotani mchana kutwa, akivimba na kunguruma kila nikipitisha mkono. Dada akasema ameiva. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Aliniita dirishani nikiwa hata viatu sijavua.

"Chukua lile boksi la mbao. Chini mchanga, juu ya mchanga majani makavu, kayakate kule nyuma kwenye kiwanja. Halafu majivu ya jikoni, mengi, usiyaonee huruma. Majivu ndiyo yanayozuia utitiri. Jua likishazama ndiyo umweke, asione."

Mchanga niliweka. Majani yalikuwa mbali, ng'ambo ya kiwanja, na siku ile nilikuwa nimepiga pasi shuka za nyumba mbili za wageni peke yangu. Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, mwaka wa ishirini na sita huu. Begani nilikuwa nimebeba blanketi kuukuu la meza ya pasi. Blanketi la meza huchoka, likichoka tunalitupa, na mimi situpi kitu nisipokiangalia mara mbili. Lilikuwa safi, nene, laini, limekula joto miaka mitatu. Nikalikunja mara nne, nikalitandika kwenye boksi, pembe zimekaa sawasawa. Nikalitazama nikaona hakuna kuku aliyewahi kulala mahali kama hapa. Majivu nikaona yatalichafua.

"Umeweka majani?" dada aliuliza kutoka ndani.

"Nimeweka kitu laini."

"Majani?"

"Laini kuliko majani, dada. Tulia basi."

"Na majivu?"

Nikajifanya nakohoa. Jua lilipozama nikayapanga mayai, nikamweka kishingo; alikaa juu yake, akayasukuma chini ya mbawa moja moja, akatulia.

Kazi ya kumtunza kuku anayelalia mayai ni ndogo, lakini ni ya kila siku, na kila siku ndiyo iliyonishinda maisha yangu yote. Asubuhi kabla ya kazi namtoa kiotani, maana wengine wakishalala hawajitoi, wanakufa na njaa wakiwa wamekaa. Namwekea mahindi na maji. Anakula kama anayewahi gari, anakunya rundo moja kubwa linalonuka kuliko kuku wote ishirini na watatu, anarudi. Dakika kumi na tano. Wakati huo napitisha mkono juu ya mayai kujua joto lake. Jioni napitisha tena chini ya tumbo lake, ananidonoa, namtukana, naenda kutoa ripoti dirishani.

"Amekunya?"

"Amekunya."

"Kigumu au maji?"

"Dada, mimi sijala."

"Kigumu au maji?"

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Dada akataka mayai yapimwe. Nikamletea yote ndani kwenye kikapu, nikafunga dirisha na pazia, chumba kikawa giza la kutosha. Alinishikisha tochi, akakunja kiganja chake kuwa kama bomba, akaliweka yai juu yake, mimi nikamulika kutoka chini.

Sikuwahi kuona kitu kile. Ndani ya yai kulikuwa na mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi za kushonea, imetawanyika kutoka sehemu moja, na pale katikati kitu cheusi kinatikisika. Kinatikisika chenyewe.  Dada aliliweka chini, akachukua la pili. La tatu. Mikono ilikuwa imetulia, ila pumzi yake nilikuwa naisikia.

Namba kumi na moja na kumi na mbili yalikuwa meupe, mwanga ulipita kama kwenye glasi.

"Jogoo aliishia kumi," alisema dada. "Yarudishe haraka, yanapoa. Hayo mawili kaange ule, umekonda."

Nilikaanga nikala. Nilipokuwa nakula niliona nafsini mwangu kwamba safari hii mambo yatakwenda, na kwamba sitalazimika kusema chochote kuhusu chanjo. Nakiri niliwaza hivyo.

Siku ya kumi na saba, Jumatatu, alfajiri, nilimkuta kishingo amesimama nje ya boksi.

Nilidhani ametoka kunya. Nikasubiri. Alikuwa anajikuna, anatikisa kichwa, anapandisha mguu mmoja, anapandisha mwingine. Nikamshika nikamrudisha, akaruka kama nimemweka juu ya jiko. Nikainama kutazama. Mwanzoni nikaona kama vumbi jekundu kwenye blanketi, halafu vumbi likatembea. Nilipoinua pembe moja, chini ya mkunjo kulikuwa kumejaa. Mamilioni. Sekunde chache walishanifika kwenye kiwiko. Mikunjo yangu minne, iliyokaa sawasawa, ilikuwa imewajengea nyumba ya ghorofa.

Nikashika mayai. Yalikuwa na uvuguvugu, si joto.

"Vipi?" dada alipiga kelele. "Mbona kimya?"

Nilisimama pale. Nilikuwa nimechoka kabla siku haijaanza. Nikaenda dirishani.

"Ametoka. Utitiri umemtoa."

"Utitiri? Majivu uliweka?"

"Sikuweka."

"Kwenye majani hukuweka majivu?"

"Majani sikuweka. Niliweka blanketi."

"Blanketi."

"La kazini. Lile la meza."

Dada alinitazama muda mrefu. Amenizidi miaka tisa, amenibeba mgongoni, na kunitazama namna hiyo alianza nikiwa sijui kutembea.

"Ulimtandikia na mto?" aliuliza.

"Dada."

"Nauliza tu. Na chandarua uliweka?"

Nikajikung'uta utitiri mkononi.  Dada alipoendelea alikuwa anaongea haraka, bila utani. Boksi lile halifai mpaka lioshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani mchana kutwa. Kuku naye lazima apakwe majivu, aoge vumbi, utitiri umtoke, la sivyo hatakaa. Hiyo ni kazi ya siku nzima. Mayai hayana siku nzima. Saa moja au mbili yanaweza kuvumilia, kutwa hayawezi.

"Baki nyumbani," alisema.

"Ni Jumatatu. Shuka za wageni za wikiendi yote ziko pale. Nisipokwenda leo, kesho sina pa kwenda."

Akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu kuku wafe, niliona uso wake unataka kukunjana, akauzuia.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nadhani lilitoka mkononi. Pasi naipima kwa shavu: naisogeza karibu, ngozi inaniambia kama ni ya hariri, ya pamba au ya kuunguza. Miaka ishirini na sita sijawahi kuunguza nguo ya mtu, isipokuwa mara moja, na siku hiyo nilikuwa naumwa jino. Na joto la tumbo la kishingo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelishika asubuhi na jioni kwa siku kumi na saba.

"Nipe kikapu," nikamwambia. "Nakwenda nayo."

"Wapi?"

"Kazini. Joto liko huko, kazi yangu ni kulipima."

Alifungua mdomo kunitania, akaufunga. Akanipa khanga yake. Niliyafunga mayai kumi tumboni, ndani ya shati, nikatembea kwa miguu njia nzima, maana garini ningesukumwa. Nusu saa, mikono nimeishika kama mama mjamzito wa miezi tisa. Walionisalimia waliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Duka letu ni vyumba viwili. Nyuma wanafua, mbele napiga pasi mimi. Anayefua tunamwita Mstaafu, kwa sababu ana miaka kumi anasema mwezi ujao anaacha. Aliponiona natoa mayai tumboni aliweka beseni chini.

"Fundi, umejifungua?"

"Nisaidie, usinicheke."

"Baba yao nani?"

Nikamweleza kwa maneno machache. Mstaafu ana maneno mengi lakini roho yake nzuri. Akasogeza rafu ndogo karibu na meza yangu, akaniletea na beseni la plastiki la kuyawekea. Nikaanza. Napiga pasi shuka, naikunja, naiacha ipoe kidogo, nayapanga mayai juu yake, nayafunika kwa nyingine. Naligusisha yai moja kwenye kope la jicho. Kope ni jepesi kuliko shavu. Likiwa kama tumbo la kishingo, nalirudisha. Likipungua, nabadilisha shuka. Shuka moja hushika joto lile kwa muda wa kupiga pasi shuka tatu na foronya mbili. Baada ya saa mbili nilikuwa sihitaji tena kufikiri. Tatu, mbili, kope, badilisha. Kila nikibadilisha nayageuza na kuyapitishia ukungu kidogo wa ile chupa ya maji tunayonyunyizia nguo, maana dada alisema yakikauka sana kifaranga hunata ndani.

"Angalia usije ukamnyunyizia wanga akatoka na kola ngumu," Mstaafu alisema.

Saa nne bosi akaingia. Bosi wetu ni mama mmoja mwenye miwani ya kusomea ambayo hukaa kichwani muda wote, machoni haijawahi kufika. Alisimama mbele ya rafu.

"Hiki nini?"

"Mayai, bosi."

"Naona ni mayai. Yanafanya nini kwenye shuka za watu?"

"Yanapata joto."

"Jike lake limegoma," Mstaafu alisema kutoka nyuma, "kashika zamu."

"Wewe fua!" Bosi akanigeukia. "Baba mzima. Mteja akikuta kinyesi cha kuku kwenye shuka nitamwambia nini?"

"Yai halinyi, bosi."

Hilo lilikuwa kosa. Aliniwashia moto kama dakika kumi. Alianza na mayai, akaenda kwenye ucheleweshaji, akaenda kwenye kola za wiki iliyopita. Nilisimama namsikiliza, pasi mkononi. Nilikuwa nimetoka kuweka shuka mpya, ya moto, ile ambayo huwa naiacha ipoe kwanza, na yeye alinikatiza hapo hapo. Nilipokumbuka, nikageuka bila kuomba ruhusa. Mayai mawili yaliyolala pembeni, pale shuka ilipokuwa na mikunjo mingi, yaliniunguza kope. Namba tatu na namba nane.

Nikayatoa, nikayapepea kwa mkono. Nadhani uso wangu ulionekana, kwa sababu bosi aliacha kusema.

"Ya nani hayo?" aliuliza.

"Ya dada yangu. Kuku wake wote wamekufa. Yamebaki haya."

Alishusha miwani, kumbe inashuka, akayatazama na namba zake za penseli.

"Shuka za wageni, hapana," alisema mwishoni. "Kuna foronya zilizochanika kule kabatini, tumia hizo. Na huu mzigo usipokwisha saa kumi na moja, hayo mayai nayakaanga mwenyewe."

Mzigo uliisha saa kumi na moja kasoro kidogo. Sijui ulivyoisha. Mgongo ulikuwa hauulizi tena, ulikuwa umeshazoea kunyimwa jibu. Nikayafunga tumboni, nikatembea.

Nilipofungua geti niliona alama kwenye udongo wa uani. Mfereji mpana umetoka mlangoni kwa dada mpaka bandani, na pembeni yake mfereji mwembamba. Nikazunguka jiko. Dada alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta wa banda, plasta imekuwa nyeusi kwa majivu, gauni limepasuka. Alikuwa ameburuta makalio uwanja mzima. Boksi lilikuwa mbele yake, limeoshwa, limekauka, lina mchanga mpya na majani. Majani yale hakuyakata kiwanjani. Alikuwa ametoboa godoro lake la makumbi ya nazi, akayachambua. Kishingo alikuwa amefungwa kamba mguuni, amelala kwenye shimo la majivu, anajitupia vumbi kama hana habari na dunia.

"Usiniangalie," dada alisema. "Lete mayai."

"Daktari alisema—"

"Daktari ana kuku? Lete."

Aliyapokea moja moja, akaliweka kila moja kwenye kope lake. Sikuwa nimemwambia kuhusu kope. Alipofika namba tatu nikamwambia liliungua kidogo, na namba nane pia. Akaitikia kwa kichwa, akayaweka na mengine.

Tukamfungua kishingo. Alizunguka boksi, akachungulia, akaondoka. Akarudi, akaondoka. Tulikaa pale wawili tukimtazama, hakuna aliyethubutu kukohoa. Mara ya nne alipanda, akasimama juu ya mayai, akayageuza mawili kwa mdomo, akajishusha polepole kama bibi anayekaa kwenye kiti asichokiamini. Akakaa.

Hapo maneno yakanitoka.

"Dada, ile chanjo. Dukani haikuwa imeisha."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwenye duka alikuja kununua mayai hapa wiki ileile. Nilimuuliza lini ataleta nyingine. Akasema imejaa friji."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungefanya nini? Wewe ukikosa huwa unachoka. Wengine wanakasirika, wengine wanaomba radhi, wewe unachoka. Nikaona nikikuongezea uchovu, hata hii ya kuchimba mashimo hutaiweza." Akajifuta majivu usoni, akajipaka mengine. "Na mimi nilikuwa na miguu miwili wakati ule. Ningeweza kwenda mwenyewe. Nilikaa nakusubiri wewe, ili siku moja nikuone umefanya. Huo ndio upumbavu wangu. Sasa niinue, makalio yamekufa ganzi."

Nikamwinua. Mzito, na mimi sikuwa na nguvu, tukakaribia kuanguka wote. Alicheka kidogo. Mimi sikucheka, lakini nilimshika vizuri.

Siku ya ishirini na moja, Ijumaa, haikutokea kitu. Asubuhi nilisogeza sikio, kimya. Jioni kimya. Dada alikuwa amedai kiti kiwekwe bandani, na mimi sikuwa na hali ya kubishana, nikawa namhamishia huko asubuhi na kumwondoa jioni. Hakuniuliza chochote kuhusu kinyesi. Ijumaa ile hakula.

"Yalipoa," nilimwambia. "Huenda yamechelewa tu."

"Huenda."

"Au niliyaua."

"Au uliyaua," alisema, bila ubaya wowote. "Kalale."

Jumamosi alfajiri nilisikia kabla sijafika. Sauti ndogo, kali, kama pasi inapogusa tone la maji, halafu nyingine. Namba sita lilikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu ncha ya mdomo inapumzika. Nikarudi ndani kumbeba dada, sikumwambia sababu, akaiona usoni. Nilimkalisha, nikaenda kazini, nikapiga pasi kama mashine, Mstaafu akauliza kila nusu saa kama kuna simu.

Niliporudi jioni walikuwa watano. Usiku wakawa saba. Namba tatu na namba nane hayakusogea, na namba tisa vilevile. Dada aliyasubiri mpaka Jumapili asubuhi, akayatikisa sikioni, yakacheza maji ndani. Viza. Namba tisa sijui kosa lake nini. Hayo mawili najua.

"Saba," dada alisema. "Sitaki uniambie habari ya kumi."

"Kuna jogoo humo?"

"Miezi miwili tutajua. Wakiwa wote majike, basi tumefuga mayai ya kula."

Jumapili ile nilikuwa nimepanga kulala. Nilikuwa nimeisubiri kwa wiki tatu, Jumapili isiyo na yai la kumulika wala boksi la kuosha. Saa nne kishingo akatoka bandani kwa mara ya kwanza na watoto wake. Alitembea akinguruma, wao nyuma yake, watatu wekundu, wanne weusi, wawili kati yao tayari wana shingo tupu. Wakapita juu ya plasta ya dada mmoja mmoja. Dada hakuwaona. Alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, kichwa kimeangukia begani, khanga imemtoka. Sikumbuki lini nilimwona amelala mchana.

Kishingo akawapeleka moja kwa moja katikati ya uwanja, mahali palipo wazi kuliko pote, akaanza kuparua. Nikatazama juu. Mwewe alikuwepo, mbali bado, anazunguka juu ya mapaa bila haraka.

Ningeweza kumwamsha dada. Nilimtazama, nikaacha. Nikatafuta fimbo, nikavuta kigoda, nikakaa katikati ya uwanja kwenye jua, vifaranga wakipita chini ya miguu yangu, macho yanajifumba, nayafumbua.